Kono la Okeyo

Soweto East, Kibera
Jumapili, 7 Agosti 1994

Kwako shemeji Khamala,

Nakusalimu wewe na Kavetsa na watoto wote hapo Kabiro. Natumaini mko wazima. Sisi huku tunasukuma siku. Mtoto alikuwa na kikohozi wiki jana lakini sasa anakula. Mimi niko sawa, ila usingizi haunitaki.

Shemeji, ni miezi minne sasa tangu tumzike Okeyo na sijakuona. Nilimuuliza mdogo wangu Audrey, huyu anayeuza mboga za sukuma wiki pale soko la Kawangware, kama mnakutana. Akasema anakuona kwa mbali tu ukipita na mkokoteni wa vyuma. Ndiyo nikaamua nimpe barua. Kutoka kwako mpaka kwangu ni saa moja na nusu kwa miguu na wewe hujaitembea. Na mimi siku sita nafua nguo za watu Nyayo Highrise, ya saba niko kanisani. Kwa hivyo tuandikiane.

Nimeanza kupanga vitu vyake. Nimepata lile daftari alilokuwa akichora vile vifaa vyenu vya kuvalisha mikono ya mbele ya trekta dogo la Mama Waruguru kule Dagoretti. Ukurasa wa kwanza ni uma wa mbolea, ule wa meno manane. Wa pili ni uma wa nyasi, wenye meno mawili marefu kama pembe. Wa tatu ni lile kono la kunyanyulia vitu vizito. Huo nimeukunja, siutazami. Lakini wa nne una kitu sijakiona popote, kama kijiko kirefu chembamba, na chini yake ameandika "mtaro wa Soweto". Alikuambia?

Sasa nakuja kwa kilichonifanya niandike. Unajua alivyozikwa. Ulikuwepo, ulibeba jeneza upande wa kichwa. Uliona wazee wa kanisa letu walivyokataa azikwe na kanzu yake nyeupe ya kanisa, wakisema alikufa na pombe mwilini. Miaka mitatu mwanaume hajagusa glasi, anapiga ngoma ya kanisa kila Jumapili, halafu anazikwa na koti la kuazima. Mimi sikusema kitu siku hiyo kwa sababu sikuwa na cha kusema. Asubuhi ile alitoka nyumbani saa kumi na mbili akiwa sawa kabisa. Lakini kono lilimwangukia saa nne, na hizo saa katikati sikuwa naye. Wewe ulikuwepo.

Mama yake ananiuliza kwa kila barua inayotoka nyumbani kwao Alego. Baba yake Okeyo alikufa mlevi, alizama mtoni. Mama anataka kujua kama na mtoto alifuata njia hiyo hiyo. Shemeji, naomba uniambie tu. Alikuwa amelewa? Kama ni ndiyo, andika ndiyo. Nitalia, nitanyamaza.

Wasalimie wote.

Ni mimi shemeji yako,
Rosebella


Kabiro, Kawangware
Jumatatu, 15 Agosti 1994

Mpendwa shemeji Rosebella,

Nimepokea barua yako kwa mikono miwili na nimefurahi sana kusikia mtoto amepona. Sisi hapa tuko wazima kwa neema ya Mungu. Kavetsa anakusalimu sana, anasema anakukumbuka kwa maombi. Mgongo wangu unaniuma kwa sababu ya kuinama kwenye kazi, lakini huo ni ugonjwa wa fundi yeyote.

Shemeji, naomba unisamehe kwa kutokuja. Kazi zimekuwa nyingi, mara mageti, mara madirisha ya ploti za watu. Kila Jumapili nasema leo, halafu jua linazama.

Umenikumbusha mbali na hilo daftari. Huo uma wa mbolea ulitutoa jasho. Mara ya kwanza meno tuliyatengeneza na nondo za kujengea. Mama Waruguru akaleta trekta, Okeyo akavalisha, akasukuma rundo la mavi ya ng'ombe, na meno yote manane yakakunjika kama vidole vya mtu aliyeshikwa na baridi. Mimi niliona aibu. Yeye alishuka akakaa chini akacheka mpaka machozi. Akasema, "Khamala, tumetengeneza kitana." Wiki ile ile alizunguka Kawangware yote akitafuta springi kuukuu za lori, tukakata meno mapya kutoka kwa hizo, na mpaka leo hayajakunjika. Ule uma wa nyasi ulikuwa wazo lake peke yake. Mzigo uliokuwa ukibebwa na watu wanne siku nzima, trekta likabeba kabla ya chai ya saa nne.

Hicho kijiko cha ukurasa wa nne nakijua. Alitaka trekta dogo lishuke Kibera lizoe uchafu kwenye mtaro unaopita mbele ya mlango wenu, maana lori haliwezi kupita katikati ya nyumba lakini trekta lile lingepita. Nilimwambia Mama Waruguru hawezi kukubali trekta lake lifanye hiyo kazi. Akanijibu, "Tuchore kwanza, ruhusa itatukuta tukiwa tayari."

Kuhusu swali lako, shemeji, mambo ya siku ile ni mazito na sioni faida ya kuyafukua. Kila mtu alichanganyikiwa. Yeye sasa amepumzika, na sisi tumwache apumzike. Mwambie mama aweke moyo wake kwa Mungu.

Nimempa Audrey jiko jipya akuletee. Nimelitengeneza kwa bati zito, halitatoboka haraka.

Shemeji yako daima,
Khamala


Kibera
Jumapili, 28 Agosti 1994

Shemeji Khamala,

Salamu kwako na kwa Kavetsa. Pole na mgongo, jaribu kuukanda na maji moto na chumvi. Sisi tuko wazima. Jiko limefika na linashika moto vizuri, asante.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka pale kwa kitana, nikasikia kabisa sauti yake. Mara ya pili nikalia. Mara ya tatu nikaona umejibu yote niliyoandika isipokuwa lile moja.

Unasema hakuna faida. Nikwambie faida. Mama ameshikwa na kifua vibaya. Shemeji wangu wa nyumbani ameandika kwamba sasa halali chini, anaegemea ukuta usiku kucha. Nimeomba ruhusa kazini, nasafiri Jumamosi tarehe 17 Septemba. Nikifika huko swali la kwanza nitakaloulizwa nalijua. Nataka nifike nikiwa na jibu lako.

Si lazima uandike barua ndefu. Mwandikie Audrey neno moja kwenye karatasi ya kufungia sukuma, litanifikia.

Nangoja.

Shemeji yako,
Rosebella


Kibera
Alhamisi, 20 Oktoba 1994

Khamala,

Nakusalimu. Natumaini wewe na watu wako mko wazima.

Nilingoja mpaka Ijumaa tarehe 16 usiku nikiwa nimefunga mizigo. Audrey alisema alikuona sokoni siku hiyo, na ulipomwona ukageuza mkokoteni ukapita nyuma ya kinyozi. Nikasafiri bila jibu.

Nilimkuta mama akiwa mfupa mtupu. Alinijua. Alikuwa akiniita nyar Gem, binti wa Gem, kwa sababu ndiko nilikozaliwa. Siku nne za kwanza hakuuliza. Nilimwosha, nilimpa uji, tuliongea habari za mtoto. Siku ya tano alinishika mkono akasema, "Nyar Gem, nina jambo moja tu. Mtoto wangu alikufa amelewa?"

Khamala, ningeweza kumdanganya. Nilifungua mdomo nimwambie hapana. Lakini mama alikuwa ananitazama, na mimi sikuwa najua, na yeye aliona kwamba sijui. Nikasema, "Mama, sijui." Akaniachilia mkono. Akageukia ukuta. Alikufa siku mbili baadaye, na hakuniita tena kwa jina lolote.

Tulimzika tarehe 1 Oktoba. Nilikaa mpaka matanga yakaisha. Niliporudi Nairobi sikupitia nyumbani. Nilishuka, nikamwachia Audrey mtoto pale sokoni, nikatembea mpaka Dagoretti kwa Mama Waruguru. Sikuwa nimewahi kukanyaga pale. Alinipokea vizuri, alinipa maziwa. Nikamuuliza ni nani alimwona mume wangu na chupa.

Akasema, "Mimi sikumwona na chupa. Nilifika nikamkuta ameshalaliwa na chuma. Nilimuuliza fundi mwenzake kama alikuwa amekunywa, na ndiye aliniambia."

Fundi mwenzake ni wewe.

Nilikaa pale nikitazama trekta. Kuna kijana anaitwa Shivachi analiendesha sasa. Alikuwa akibeba nyasi na ule uma wa Okeyo, anaimba.

Sitaki jiko. Audrey atakurudishia. Nataka uniambie ulichomwambia yule mama, na kwa nini.

Rosebella


Kabiro
Jumapili, 6 Novemba 1994

Rosebella,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali. Pole kwa mama. Hiyo pole pia najua haina uzito ikitoka kwangu.

Niliandika barua mwezi wa tisa. Iko hapa mbele yangu. Ilikuwa na mistari sita na yote ilikuwa uongo, ndiyo maana nilipita nyuma ya kinyozi. Hii ni ya pili. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Okeyo hakuwa amelewa. Hakuonja. Ijumaa ile jioni alikuwa na mimi kwa karakana mpaka saa moja, tukinywa chai ya turungi na maandazi ya Kavetsa, akinionyesha kile kijiko cha mtaro. Jumamosi asubuhi alifika kwangu na trekta saa mbili na nusu, na nilimkaribia kama ninavyokaribiana na hii karatasi. Alinukia sabuni.

Sasa sikiliza habari ya kono. Kono lile linashikwa na mikono ya trekta kwa masikio mawili. Ni vipande vya chuma vyenye tundu, na pini inapita kwenye tundu. Uzito wote wa mzigo unakaa pale. Ijumaa mchana nilichomelea sikio la kushoto pande zote mbili, mbele na nyuma. La kulia nikachomelea mbele. Kabla sijageuza, stima ikapotea, mashine ikazima. Tukangoja. Okeyo alipokwenda kununua sukari, mimi nikaona nisipoteze wakati, nikaanza kupaka rangi ile nyekundu ili ikauke usiku, nikijiambia stima ikirudi nitakwangua pale nyuma nimalizie. Stima ilirudi saa tatu usiku. Nilikuwa nimeshafunga, nimechoka, nimelala.

Asubuhi Okeyo akafika mapema kuliko tulivyopatana, kwa sababu Mama Waruguru alitaka kile kifuniko cha zege cha kisima kiinuliwe kabla ya mafundi wa pampu kuja. Alilizunguka kono, akaligonga na ngumi, akaniuliza, "Umezunguka pande zote?"

Nikamwambia, "Nimezunguka."

Hilo ndilo neno langu, Rosebella. Ningesema ngoja nusu saa. Stima ilikuwepo, rodi za kuchomelea zilikuwepo. Lakini rangi ilikuwa imekauka vizuri, ikipendeza, na ningelazimika kuikwangua mbele yake nikieleza kwa nini nilipaka kabla ya kumaliza. Niliona aibu ndogo kama hiyo. Nikajiambia upande mmoja utashika kwa leo, jioni nitamalizia.

Kwa Mama Waruguru alivalisha kono, akaweka pini, akainua kifuniko kutoka chini. Kiliinuka. Alinitazama akacheka. Halafu akaona mnyororo umejipinda, akashuka kuunyoosha. Sikio la kulia likang'oka. Halikutoa hata mlio mkubwa. La kushoto likapinduka, na kono likamshukia shingoni na mgongoni. Nilishika lile chuma na mikono yangu nikajaribu kuliinua peke yangu. Hakusema kitu. Nakuambia hilo kwa sababu labda ulijiuliza kama alisema kitu. Hakusema.

Mama Waruguru akaja mbio, ameshika kichwa, akilia, "Kwani alikuwa amelewa? Kwani alikuwa amelewa, anashukaje chini ya mzigo?" Na mimi nilikuwa nimeshaliona lile sikio likiwa chini, upande wa nyuma ukiwa laini, una rangi tu. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Labda. Jana alikuwa na wenzake." Basi. Maneno matano. Polisi walipokuja yeye ndiye aliyewaambia, mimi nikaitikia kwa kichwa. Yakafika kanisani, yakafika Alego kabla ya maiti. Siku ya mazishi niliposikia wazee wakikataa kanzu nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwao. Nikashika jeneza upande wa kichwa, kama ulivyosema.

Lile sikio nililitia mfukoni siku ile ile. Nimelitupa mtoni.

Kavetsa hajui. Nitamwambia leo nikimaliza kuandika, ili nisipate nafasi ya kubadilisha.

Sikuombi kitu.

Khamala


Kibera
Jumatano, 9 Novemba 1994

Khamala,

Audrey alinipa barua yako jana jioni. Nimeisoma. Sitaandika juu yake sasa kwa sababu kuna jambo la haraka.

Vile vingine viwili ulizunguka pande zote?

Uma wa nyasi na uma wa mbolea. Nilikwambia nilimwona Shivachi akitumia ule wa nyasi. Ni kijana, alisema ameoa mwaka huu. Anapita chini yake, Khamala. Nilimwona kwa macho yangu akiinama kuokota nyasi zilizoanguka, uma uko juu ya kichwa chake.

Usinijibu mimi. Nenda Dagoretti.

Rosebella


Kabiro
Jumanne, 15 Novemba 1994

Rosebella,

Nakusalimu, na natumaini mtoto ni mzima.

Barua yako ilinifikia Alhamisi saa tano. Nilichukua nyundo, tindo na msumeno wa chuma, nikatembea. Shivachi alikuwa anatoka ghalani na mzigo. Nikasimama mbele ya trekta. Akanipigia kelele nitoke, akidhani nimerukwa na akili. Nikamwambia ashushe mzigo polepole na azime injini. Nafikiri ni sura yangu iliyomfanya akubali.

Mama Waruguru akatoka jikoni. Nilimwambia yote, palepale uani, Shivachi akisikia. Alikaa juu ya debe la maziwa. Hakulia wala hakunitukana. Alisema, "Wewe ulinifanya nimwambie mke wa mtu machoni kwamba mume wake alikuwa mlevi. Nikampa na maziwa."

Nilianza na uma wa mbolea. Nikakwangua rangi yote kwenye masikio. Ulikuwa mzima. Nikaja kwa uma wa nyasi. Huu nakuapia nilizunguka pande zote, nakumbuka siku yenyewe, Okeyo alikuwa ameshika taa. Lakini rangi ilipotoka, sikio la kulia lilikuwa na ufa kama unywele, umeshazunguka karibu nusu. Chuma hakikuwa kimeshika ndani. Shivachi akaja akapitisha ukucha pale. Akaniuliza, "Hii ilikuwa ianguke lini?" Nikamwambia sijui. Akaenda akasimama karibu na ng'ombe akanipa mgongo.

Nilitaka kuchomelea upya. Mama Waruguru akasema nisiguse kitu chake tena, ila nikate tu. Nikakata masikio yote manne kwa msumeno, ya uma zote mbili, hata yale mazima. Ilinichukua mpaka saa kumi. Watu walisimama kutazama. Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imefika Kawangware nzima, na mwenye ploti aliyekuwa amenipa kazi ya mageti amemtafuta fundi mwingine. Sisemi hivyo unihurumie. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Kavetsa amejua. Yuko hapa, anapika, lakini hatuongei.

Sasa nina ombi moja na unaweza kulikataa. Jumapili hii tarehe 20 nataka nije kanisani kwenu niseme mbele ya wazee wale wale. Sijui mnaanza saa ngapi na sijui kama mtu wa kanisa lingine anaruhusiwa kusimama. Ukisema nisije, nitaandika wasomewe. Nimeona ni afadhali waone mdomo uliosema.

Khamala


Kibera
Ijumaa, 18 Novemba 1994

Khamala,

Tunaanza saa nne. Vua viatu mlangoni. Nimemwambia mzee wa kanisa kwamba utakuja, sikumwambia utasema nini.

Usikae karibu na mimi.

Rosebella


Kibera
Jumapili, 27 Novemba 1994

Khamala,

Nakusalimu. Sisi tu wazima, mtoto ameanza kutembea akishika ukuta.

Jumapili ile sikugeuka kukutazama na najua uliona. Nilikuwa nimeahidi moyo wangu kwamba sitageuka. Nilikusikia. Uliongea kwa sauti ndogo, mzee akawa anatafsiri kwa Kijaluo, na pale uliposema "nikamwambia nimezunguka" yeye alinyamaza, ikabidi urudie. Wanawake waliokuwa nyuma yangu walianza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu vioo vya dirisha.

Ulipotoka, hakuna aliyejua kifanyike nini. Ibada ilisimama. Halafu mmoja wa wale waliokataa kanzu akapiga magoti kwenye vumbi mbele yangu, mzee wa miaka sabini, akasema, "Binti, tulimhukumu mtu aliyekufa." Nikamwambia ainuke. Wameamua mwezi wa kumi na mbili watakuja Alego, kumi na wawili na ngoma zao, wafanye maombi kaburini na kanzu iwekwe pale. Nimekubali. Nauli wanajilipia.

Kaburi la mama liko hatua sita kutoka la mtoto wake. Nitasimama katikati. Nitamwambia, ingawa najua hasikii, na hao kumi na wawili wataimba, na watu wa kijiji watasema sawa, tumeelewa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiuliza. Wengine hawakuwahi kuuliza.

Nataka uelewe kitu, ndiyo maana naandika, kwa sababu kwa mdomo siwezi. Hili la kono nimelifikiria sana. Nafua nguo za watu nikifikiria. Kuna siku naona karibu naweza. Stima ilipotea, ulichoka, ukaona aibu, ukasema neno. Mimi pia nimewahi kuacha kola chafu nikijiambia haitaonekana. Okeyo mwenyewe, kama ungeweza kumuuliza, nafikiri angekasirika siku mbili halafu angekucheka. Nimemjua mume wangu.

Na ulipokwenda Dagoretti ulikwenda siku ile ile. Hilo nimelipokea. Mke wa Shivachi alikuja mpaka hapa Soweto Jumanne, alinitafuta nyumba kwa nyumba. Ni msichana mdogo, ana mimba. Aliketi, akachambua dagaa zangu zote za omena, akaenda.

Lakini kuna zile siku kutoka tarehe 15 Agosti mpaka tarehe 24 Septemba. Barua yangu ulikuwa nayo mkononi. Mama alikuwa hai, anaegemea ukuta, anangoja. Karatasi ilikuwepo, kalamu ilikuwepo, Audrey alikuwa pale sokoni kila siku mpaka saa kumi na mbili. Hapo stima haikupotea. Ungeniandikia neno moja, ningekuchukia, lakini ningepanda basi nifike nimwambie, "Mama, hapana." Angekufa akinishika mkono.

Kwa hilo, Khamala, sijui nianzie wapi. Nimetafuta mahali pa kuanzia na sijapata. Wazee wanasema nisamehe yote pamoja, wanasema msamaha haukatwi vipande. Labda kwao haukatwi.

Usiniandikie tena, wala usimpe Audrey kitu chochote aniletee, hata kama ni cha mtoto. Kavetsa akitaka kuja, aje, yeye sina neno naye. Wewe ukiumwa nitaombea upone, hilo naweza. Kukuona siwezi.

Ni mimi mke wa Okeyo,
Rosebella